Mtoto mgonjwa ale nini? Kwanza tutenganishe njaa na kiu

Mtoto akiugua, nyumba nzima huwa madaktari. Mmoja anasema asipewe maziwa, yataganda kifuani. Mwingine anasema mayai yanapandisha homa. Wa tatu amepokea ujumbe kwenye simu kwamba mtoto anayeharisha ale ndizi na wali mtupu basi. Bibi anashauri tumbo lipumzishwe mpaka choo kikauke. Mzazi naye, usiku wa pili hajalala, amesimama na bakuli mkononi asijue amsikilize nani, na mtoto mwenyewe amefumba mdomo na kugeukia ukutani.

Nimewahi kulishika bakuli hilo. Baadaye niligundua kwamba kilichonichanganya hasa ni maswali matatu tofauti tunayoyauliza kama swali moja. Anywe nini sasa hivi ili asikaukiwe maji? Ale nini wakati hamu haipo? Na ale nini akishapona? Majibu yake hayafanani. Ukikazana na la tatu wakati mwili unauliza la kwanza, utahangaika kumlazimisha nyama mtoto ambaye shida yake ni maji.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Ugonjwa ninaouzungumzia hapa ni ule wa kila siku wa watoto: homa, mafua, kikohozi, kutapika, kuharisha. Kuharisha ni kupata choo chepesi cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Choo laini cha kichanga anayenyonya, hata kikija mara nyingi, ni choo chake cha kawaida na hakihesabiki. Upungufu wa maji mwilini ni pale maji na chumvi zinazotoka kwa choo, matapishi, jasho na pumzi zinapozidi zinazoingia. Nimesema maji na chumvi kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo ana utaratibu wake, na huo upangwe na wanaomtibu.

Kwa nini anakataa kula

Kinga ya mwili ikianza kupambana na vimelea, humwaga kemikali kwenye damu. Kemikali hizo zikifika kwenye ubongo huzima hamu ya chakula. Kwa hiyo mtoto anayesukuma kijiko hadeki wala hafanyi ukaidi. Mwili wake umefunga jiko kwa muda.

Tatizo ni kwamba wakati jiko limefungwa, moto unawaka zaidi. Kila nyuzi 1 ya homa huongeza matumizi ya nishati kwa kama asilimia 10. Matumizi yanapanda, mapato yanashuka, na mwili unaanza kukopa kwenye akiba, yaani mafuta na misuli. Ndiyo maana mtoto huonekana amepungua baada ya siku 3 tu za homa.

Lakini akiba ya chakula ipo. Akiba ya maji haipo. Karibu asilimia 75 ya uzito wa mtoto aliyezaliwa karibuni ni maji, na mwili mdogo huyapoteza na kuyabadilisha haraka kuliko wa mtu mzima. Mtoto aliyekuwa na lishe nzuri akila kidogo sana kwa siku 2, mwili utafidia. Akiharisha na kutapika siku moja bila kunywa, anaweza kufa. Ndiyo sababu mhudumu wa afya hukuuliza kwanza, "Amekojoa?" kabla hajauliza amekula nini. Ukiwa na nguvu za kuhangaikia jambo moja tu usiku huo, hangaikia kinywaji.

Mlango wenye funguo mbili

Hapa ndipo ORS inapoingia, ile dawa ya unga wa pakiti inayochanganywa na maji. Wengi huiona dawa hafifu kwa kuwa haikati choo. Ni kweli haikati, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kurudisha kinachopotea.

Fikiria ukuta wa utumbo wenye mlango mdogo unaohitaji funguo mbili kwa wakati mmoja: sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, na glukosi, ambayo ni aina ya sukari. Zikifika pamoja mlango unafunguka, zinaingia mwilini, na maji yanazifuata. Mwanasayansi Robert Crane alieleza utaratibu huo mwaka 1960. Jambo la kushangaza ni kwamba mlango huu huendelea kufanya kazi hata kwenye kipindupindu, wakati mtoto anaonekana hana kinachobaki ndani.

Mwaka 1971 ilidhihirika thamani yake. Wakimbizi wa vita vya Bangladesh walikuwa wanakufa kwa kipindupindu kambini Bongaon, India, na dripu zilikuwa haba. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya chumvi na glukosi kwenye maji na kuwaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la The Lancet liliandika kwamba ugunduzi huo huenda ndio hatua muhimu kuliko zote za tiba katika karne ile. Karne ya penisilini, tukumbuke.

Sasa tazama vinywaji ambavyo watoto wagonjwa hupewa. Maji matupu hayana ufunguo wowote. Si mabaya, ila peke yake hayatoshi kwa mtoto anayeharisha sana. Glukosi ya unga, ambayo wazazi huinunua kwa imani kwamba inaleta nguvu, ni ufunguo mmoja bila mwenzake. Soda na juisi za dukani zina sukari nyingi kupita kiasi, na sukari nyingi huvuta maji. Nyunyizia sukari kwenye tunda lililokatwa, uliache kidogo, utalikuta limekaa kwenye maji yake lenyewe. Ndivyo soda inavyoyavuta maji ya mwili kuingia kwenye utumbo, na choo kinazidi.

Pakiti ya ORS changanya kwa kiasi kamili cha maji kilichoandikwa juu yake. Nyingi ni za lita 1, lakini zipo ndogo, kwa hiyo soma. Ukizidisha maji umeidhoofisha, ukipunguza umeweka chumvi ya kumdhuru. Tumia maji safi na salama, usiuchemshe mchanganyiko, na baada ya saa 24 mwaga utengeneze mwingine. Pakiti ikikosekana kabisa, lita 1 ya maji safi na salama hutiwa vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Uonje kabla ya kumpa. Ukiwa na chumvi kuliko machozi, umekosea, mwaga.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Mkubwa zaidi ya hapo, mililita 100 hadi 200. Na kama anatapika?

Hapo nina jambo la kusimulia. Wangu alikuwa anatapika kila alichomeza. Nilikuwa nampa kikombe, naye kwa kiu anakigugumia chote, na baada ya dakika 5 chote kiko sakafuni. Nikahitimisha kwamba tumbo limekataa na hakuna namna. Muuguzi mmoja akaniambia niweke kikombe mbali, nichukue kijiko cha chai. Kijiko kimoja, tulia dakika 1, kingine. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Nilikaa chini nimeegemea kitanda, macho kwenye mshale wa saa ya ukutani. Robo saa ya kwanza niliona napoteza muda, maana kijiko hakionekani kupunguza chochote. Lakini kijiko cha chai ni mililita 5, na vijiko 60 ni mililita 300. Baada ya saa moja kikombe kilikuwa kimekwisha na hakuna kilichorudi. Alfajiri nepi ililowa. Sijapata kuifurahia nepi iliyolowa kama ile.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko siku za kawaida. Maziwa ya mama ni chakula, ni kinywaji, na yana kinga ndani yake. Wa chini ya miezi 6 hahitaji maji hata akiwa na homa, kwa sababu karibu asilimia 87 ya maziwa hayo ni maji tayari. Kama anaharisha, ORS huongezwa juu ya kunyonya kwa maelekezo ya mhudumu wa afya, isichukue nafasi ya titi. Mwenye mafua anayeshika titi na kuliachia analia huenda pua imeziba, naye hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja. Msafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi ya dukani kabla ya kumnyonyesha. Akishindwa kabisa, kamua umpe kwa kikombe kidogo.

Tumbo halipumzishwi

Ushauri wa kulipumzisha tumbo una mantiki ya nje: kisichoingia hakitatoka. Ndani mambo ni tofauti. Ukuta wa utumbo umejaa vinyweleo vidogo mno, mfano wa taulo jipya lenye manyoya mazito. Manyoya hayo ndiyo yanayofyonza chakula. Ugonjwa wa kuharisha huyakwangua, na mwili huyaotesha upya ndani ya siku chache, lakini seli zake hupata sehemu kubwa ya lishe moja kwa moja kutoka kwenye chakula kinachopita juu yake. Mnyime mtoto chakula, nayo yananyimwa. Taulo linabaki limechakaa na kuharisha kunaendelea.

Ni kweli kwamba ukimlisha choo kinaweza kuongezeka kidogo, na hilo ndilo linalowatisha watu. Usilipime tumbo kwa kinachotoka tu. Sehemu kubwa ya alichokula imebaki ndani na inafanya kazi. Mtoto aliyekwisha kuanza vyakula, akimaliza saa chache za mwanzo za kurudishiwa maji, anarudi kwenye chakula chake cha kila siku.

Ndizi na wali mtupu? Ni vyakula vizuri. Kosa liko kwenye neno "basi". Havina mafuta ya kutosha wala vya kujenga mwili vya kutosha, na mtoto aliyewekwa humo siku 4 anapata njaa ya kimyakimya wakati anahitaji kujijenga. Ongeza yai lililoiva vizuri, samaki asiye na miiba, maharage yaliyopondwa, mtindi. Yai halina uwezo wa kupandisha homa. Homa hupandishwa na mwili wenyewe ukipigana.

Maziwa ya wanyama nayo hushutumiwa bure mara nyingi. Hayatengenezi makohozi. Huchanganyika na mate, yakaacha utando mzito mdomoni, na huo ndio watu hudhani ni makohozi. Kwa mtoto anayeharisha, wengi huendelea na maziwa bila shida. Wachache, utumbo ukiwa umekwanguka, hushindwa kwa muda kumeng'enya sukari ya maziwa: kila wakinywa, tumbo linajaa gesi na choo kinazidi. Hao wapewe mtindi kwa siku kadhaa badala ya maziwa. Maziwa ya kopo yasizimuliwe kwa maji ya ziada, yatayarishwe kama kopo linavyoelekeza.

Asali ni jambo ninalolitilia mkazo. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe hata ya kulamba, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza misuli ya kichanga. Aliyevuka mwaka 1 akiwa na kikohozi, kijiko kidogo kabla ya kulala humsaidia kweli.

Pamoja na chakula, mtoto anayeharisha hupewa vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa wa chini ya miezi 6. Hufupisha kuharisha na kupunguza uwezekano wa kurudi miezi inayofuata. Wazazi wengi huviacha siku choo kinapokauka. Vimalizwe.

Uji mzito, tumbo dogo

Tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 10 anajaa kwa mililita 300. Ukimjaza uji mwepesi unaotiririka kama chai, ameshiba maji, na wewe umeridhika kwamba amekula. Uji wa mtoto mgonjwa uning'inie kwenye kijiko, usimiminike. Ukitia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia umeongeza kama kalori 40 bila kuongeza ujazo. Siagi ya karanga hufanya kazi hiyo na kujenga mwili pia, mradi mtoto hana mzio nayo. Kama anakataa uzito, kijiko cha unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, kinachotiwa ukiwa bado jikoni, kitaulainisha bila kuongeza maji. Acha uchemke tena kidogo kabla ya kuupoza.

Mgawie mara 5 au 6 kwa siku, kidogo kidogo. Vijiko 4 ni mlo. Homa ikishuka baada ya dawa, mara nyingi hamu hurudi kwa kitambo kifupi, na hapo ndipo pa kumpa chakula anachokipenda hasa. Siku za ugonjwa si siku za kumfundisha kula asichokipenda. Akae wima. Kumbana pua na kummiminia chakula mdomoni ni hatari, chakula kinaweza kwenda kwenye mapafu, na hata kisipokwenda mtoto anajifunza kuogopa kijiko. Hofu hiyo nimeiona ikibaki wiki nyingi baada ya homa kuondoka.

Mwenye vidonda mdomoni au koo linalouma anataka vitu laini vya baridi au vuguvugu, na muda wa malimau, pilipili na chumvi nyingi haujafika. Mtindi, viazi vilivyopondwa, parachichi. Mwenye surua ni habari nzito zaidi, kwa sababu surua humaliza vitamini A mwilini na macho yanaweza kuharibika. Lazima afike kituo cha afya apewe dozi yake siku 2 mfululizo, na wala asinyimwe nyama, mayai au maziwa kwa madai kwamba vitazuia vipele kutoka.

Kuna hali ambazo chakula hakina la kusema tena. Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu hata kwa njia ya kijiko, ana degedege, amelegea au haamki vizuri: ondoka sasa hivi, ukimnywesha njiani kama anaweza kumeza. Vivyo hivyo macho yakizama, utosi ukididimia, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa 6 au zaidi, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Damu kwenye choo haingojwi. Wala homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 3. Na kuharisha kukifika siku 14, hata kama anacheza, apelekwe.

Deni la wiki mbili

Swali la tatu ndilo tunalolipuuza kuliko yote. Homa imeondoka, mtoto anakimbia, sisi tunashukuru na kurudi kwenye ratiba ya zamani. Lakini mwili ulikopa. Mafuta na misuli iliyotumika haijarudishwa, na mtoto anayeugua tena kabla hajarudishiwa huanza ugonjwa wa pili akiwa chini kuliko alivyoanza wa kwanza. Watoto wengi wanaodumaa hawakuwahi kukosa chakula siku hata moja. Waliugua mara nyingi, na kila mara deni likabaki.

Kulilipa si kazi ngumu. Mlo mmoja wa ziada kila siku, kwa angalau wiki 2 baada ya kupona, wenye mafuta kidogo na kitu cha kujenga mwili ndani yake. Mpime uzito kabla na baada kama unaweza. Kama wiki 2 zimepita na hajarudi alipokuwa, zungumza na wa kliniki. Siku hizo anaweza kula mpaka mkashangaa, na kuna wakubwa watakaosema mzuieni, atavimbiwa. Hamu ile ni ya mwili unaodai chake. Akinyoosha sahani mara ya tatu, mpakulie.